Msindikizaji wa Chanjo

Mama yangu hasindikizi mtu. Ukimtembelea nyumbani kwake Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, atakupa kiti, atakupa maziwa, atakuuliza habari za watoto wako mmoja mmoja, na ukisimama kuaga atakuambia kwaheri akiwa amekaa palepale kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Majirani wapya humwona ana maringo. Kwetu, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, mnavuka ua, mnapita shamba la maharage, mnaongea, mnasimama, mnaongea tena. Na kuna sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: msindikizaji hageuki mwenyewe. Mgeni ndiye anayemwachilia. Anasema, "Basi, rudi sasa, nimefika," hata kama hajafika popote, na hapo mwenzake anageuka. Kugeuka kabla ya kuambiwa ni kumwacha mtu njiani.

Baba aligeuka kabla ya kuambiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wiki ile ng'ombe wetu walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa midomo na kwato. Aliyeuona hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wale ambao maziwa yao hutoka kwenye pakiti. Ng'ombe anaanza kutokwa na mate marefu yanayoning'inia hadi kwenye nyasi. Anapigapiga midomo kama mtu aliyeonja mchuzi wa moto. Ulimi unachubuka. Kisha malengelenge yanatoka katikati ya kwato, na mnyama aliyezoea kupanda mlima bila kupumzika anasimama pale alipo, anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Ndama hufa. Wakubwa wengi hupona, lakini kwa majuma kadhaa hawatembei, na sisi tulihitaji kutembea. Vita vilikuwa vimefika bonde la pili. Asubuhi ile tuliona moshi.

Baba alikuwa akiwaosha kwato kwa maji ya chumvi, mguu baada ya mguu, akiwasemesha. Hakuwa na tamaa ya mali. Aliwapenda kwa sura zao, kila mmoja kwa sura yake, na kumwambia awaache ilikuwa sawa na kumwambia aache majina ya watu wake. Mama alifunga nguo na sufuria moja, akanishika mkono. Baba alitusindikiza hadi mtoni, penye daraja la magogo mawili. Pale akasimama. Akasema, "Ngombe zikianza kutembea, na miye nitakuya."

Mama hakusema "basi, rudi sasa." Nadhani aliamini kwamba asiposema, baba hataweza kugeuka. Baba alingoja kidogo, fimbo begani, akimtazama. Kisha akageuka.

Hatujamwona tangu siku ile, wala hatujapata habari inayosimama kwa miguu yake. Mmoja alisema alimwona Fizi, kule kule nyumbani. Mwingine alisema yuko kambini upande wa Tanzania, amezeeka, hana ng'ombe hata mmoja. Kila aliyeleta habari alikunywa chai yetu akaenda zake. Nimemngoja mpaka nimepita umri aliokuwa nao pale darajani. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo cha saluni, Mbarara, naona paji lake la uso, na ninamtamani kwa namna ambayo mtu mzima anaona haya kuisema. Namtamani hata kwa harufu, ule moshi wa zizini na samli iliyokaa kwenye koti lake.

Mimi naishi Mbarara, chumba kimoja nyuma ya ukuta wa kambi ya jeshi, ambako tarumbeta hutuamsha sote, askari na raia. Kazi yangu ni ukalimani. Nimetafsiri mahojiano ya wakimbizi, nimetafsiri kliniki, nimetafsiri harusi moja ambayo bwana na bibi harusi hawakuelewana hata walipoelewana. Kazi hii inampa mtu kiburi. Unakaa katikati ya watu wawili, na kila mmoja anakuona wewe ndiye mlango. Inachukua muda kukumbuka kwamba mlango hauna maneno yake.

Daktari wa mifugo aliyeniajiri ni mwanamke wa hapa hapa Ankole, mrefu, mpole, mwenye mabuti ya mpira ambayo hakuyavua hata ofisini. Yeye na wenzake walikuwa wakijaribu chanjo ya ugonjwa ule ule, wa midomo na kwato. Chanjo yenyewe si mpya, alinieleza tukiwa garini kuelekea Nakivale. Ni kirusi kilichouawa. Ubaya wake ni kwamba mwili wa ng'ombe haukishughulikii sana kitu kilichokufa. Unakipita tu, na hata ukikijua unakisahau baada ya miezi michache. Ndiyo maana chanjo huchanganywa na kitu kingine, kitu ambacho si dawa wala si kirusi, lakini kinaustua mwili ugeuke utazame. Ile ya zamani ilichanganywa na aina ya madini. Wao walitaka kujaribu mchanganyiko mpya wa matone madogo sana ya mafuta, yanayoishika chanjo pale pale ilipodungwa na kuiachia kidogo kidogo.

"Hicho kitu kinaitwaje kwa Kiswahili chenu?" akaniuliza.

Sikujua. Nilifikiria "musaidizi," nikaliacha haraka, maana Nakivale neno msaada likitajwa watu huleta ndoo. Nilifikiria kiungo, nikaona watadhani ng'ombe anatiwa ndani ya mchuzi. Dereva wetu, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akiendesha gari kana kwamba bado kuna amri nyuma yake, alitoa ushauri bila kuombwa, akiniita nyabo, yaani bibi, kwa lugha ya huku. "Sema tu ni eskoti, nyabo. Mukubwa hatembei peke yake. Eskoti iko mbele, watu yote inaona."

Nilicheka, lakini neno lilikuwa limeshanijia. Msindikizaji. Mgeni akija kwenu peke yake hakuna anayemjua. Akija amesindikizwa na mtu mnayemwamini, mnamfungulia. Nililipenda mno lile neno. Nilikaa nalo njia nzima nikitabasamu, na dereva akanitazama kwenye kioo akatikisa kichwa.

Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa la mabati, Juru. Watu walijaa, kwa maana uvumi ulikuwa tayari umefika kwamba ugonjwa unaonekana upande wa Kikagate, mpakani, na kwamba soko la ng'ombe litafungwa. Mama alikaa benchi la nyuma. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike la hudhurungi mwenye pembe zilizopinda kwa ndani, na wakati ule alikuwa na mimba. Yule ng'ombe hakumpata kwa miujiza. Alilima maharage misimu mingi, akauza, akanunua mbuzi, mbuzi wakazaa, mpaka siku moja akaja ameshika kamba yenye ng'ombe upande wa pili. Siku ile alimfunga mtini akakaa mbele yake akimtazama mpaka ugali wangu ukaungua.

Daktari alisema, nami nikageuza. Nilipofika penye neno nikalitoa kwa madaha yote: chanjo hii mpya ina musindikizaji. Nikaeleza habari za mgeni na mlango. Watu walifurahi, vichwa vikakubali. Mzee mmoja wa kanisa, mtani wa siku zote, akauliza kutoka pembeni, "Huyo musindikizaji, anasindikiza ngombe mpaka kaburini?" Kanisa zima likacheka, kwa maana kweli kwetu hata maiti husindikizwa. Mimi pia nilicheka. Nilipoinua macho, benchi la nyuma lilikuwa na pengo. Mama alikuwa ametoka.

Nilimkuta nyumbani akimpa ng'ombe maganda ya ndizi.

"Ngombe yangu haitapigwa ile sindano," alisema kabla sijaketi.

"Kwa nini, mama?"

"Musindikizaji anarudiaka mu njia. Hafikake. Anakuacha ku mto, anageuka, na wewe unabaki na macho." Alikuwa hanitazami. "Kama ile dawa yenu haiwezi kwenda peke yake, ibaki kwabo."

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wangu siku ile ulikuwa umevunja kitu. Katika maneno yote ya Kiswahili nilikuwa nimechagua lile moja ambalo mama yangu hawezi kulisikia, na nilikuwa nimelichagua kwa sababu lilitoka palepale, darajani, nikalipamba nikalipeleka kanisani bila kumuuliza mwenyewe.

Tuliporudi Mbarara sikuongea. Dereva alivumilia mpaka barabara ya lami ikaanza.

"Nyabo, wewe iko kimya sana. Mama amekataa?"

"Amekataa, afande."

"Hiyo si kukataa. Mama muzee akikataa, anataka wewe rudi umuombe. Bibi yangu iko namna hiyo, miaka yote."

Juma lililofuata soko lilifungwa kweli. Karantini ikatangazwa: ng'ombe wasihamishwe, maziwa yasiuzwe nje. Niliwajua watu wa Bwizibwera waliozoea kuona pikipiki zikipanga mitungi ya maziwa tangu alfajiri. Walisema barabara imekuwa pana ghafla. Watu wa Juru walileta ng'ombe wao wapigwe sindano, wakapewa hereni za namba masikioni. Wa mama hakuwa miongoni mwao. Nikaanza kuota ndoto ya yule ng'ombe akiinua mguu mmoja, akiushusha, akiinua mwingine. Kama angeshikwa, ndama angetoka kabla ya wakati wake. Hilo mama alilijua kuliko mimi. Nilimwomba daktari aje mwenyewe.

Alikuja. Aliketi kwenye kigoda kidogo, magoti yakimfika karibu na kidevu, akanywa maziwa yote bila kuacha, na hilo peke yake lilimpandisha sana machoni pa mama. Kisha mama akaniambia, "Muulize. Huyu musindikizaji wake anarudiaka fasi gani?"

Nikauliza anarudia wapi. Daktari hakucheka. Alifikiri, akasema kwamba mafuta hayarudi. Yanakaa pale shingoni, chini ya ngozi, yameishika chanjo, yanaiachia pole pole mpaka mwili uijue. Utagusa na kidole utasikia uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya hindi. Uvimbe huo utakaa majuma mengi.

"Anabaki?" mama aliuliza.

"Anabaki," nilisema.

"Mpaka mugeni anajulikana?"

"Mpaka anajulikana."

Mama alishusha pumzi. Lakini daktari alikuwa hajamaliza, kwa maana ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake siku ile ulinikera. Alisema ni lazima mama aelewe jambo moja. Ng'ombe wote watachanjwa, lakini nusu yao watapata mchanganyiko huu mpya na nusu watapata ule wa zamani, wa madini, ili damu zao zilinganishwe. Nani anapata upi haijulikani, hata yeye hajui. Orodha imefungwa mpaka mwisho. Akaniangalia, akingoja nigeuze.

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeuona tangu utotoni. Nikasema, "Anasema mengine ni mambo ya vitabu vyao, ya kupima damu."

Sentensi nzima niliimeza. Miaka yote ya kazi sijawahi kufanya hivyo kwa mtu baki, si kwa askari, si kwa mgonjwa. Nilimfanyia mama yangu.

"Bon," mama alisema. "Kama anabaki, apite."

Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Ng'ombe alishikwa pembe, akapigwa sindano shingoni, akavishwa hereni ya njano. Kichupa kilikuwa kimefunikwa karatasi ili rangi isionekane. Siku ya tatu uvimbe ulitokea, nami nikamshukuru Mungu kana kwamba amenisaidia kuficha wizi.

Nilikuwa nakwenda Juru kila Jumapili. Kila nilipofika nilimkuta mama akimgusa ng'ombe shingoni. Alifanya hivyo asubuhi kabla ya kukama na jioni baada ya malisho, kwa vidole viwili, bila kubonyeza, maana daktari alimkataza kukanda. Kwetu uvimbe wa ng'ombe hukandwa kwa samli ya uvuguvugu, na vidole vyake vilikuwa vinaitamani ile kazi, lakini alijizuia. Akaanza kuzungumza naye, huyo aliyebaki. Si kwa sauti. Niliona midomo tu. Jumapili moja aliniambia, akiwa ananipa mgongo, kwamba baba alikuwa na alama shingoni, upande huo huo, ya mwiba wa zamani, na kwamba alikuwa ameisahau mpaka sasa. Mimi sikuwahi kuijua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia huko, kwa baba niliyekuwa sijui hata shingo yake.

Jumapili ya tatu uvimbe ulikuwa umekwisha.

"Ameenda wapi?" mama aliniuliza. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono mitupu.

"Amezama ndani, mama."

"Uliniambia majuma mingi."

"Kila ngombe ana mwili wake."

Alinitazama kwa muda. Mtu aliyekuzaa humdanganyi vizuri, na yeye hakunifanya nijisikie vinginevyo. Aliketi kwenye kigoda chake, nami nilipoaga akasema kwaheri kutoka pale pale.

Ugonjwa ulifika Juru baada ya miezi miwili. Ulikuja kwa ng'ombe waliokuja kunywa maji, kama kawaida yake. Jirani wa pili, ambaye alikuwa shambani siku za chanjo na hakupeleka wanyama wake, alianza kusikia ile sauti ya midomo. Nilienda kumwona mama siku ile ile, nikakuta ng'ombe wa jirani wamesimama kando ya njia na mate hadi chini, mmoja akiinua mguu. Miaka yote ile ilikunjika. Nilisimama pale nikiwa na miaka kumi na minne, na kama mtu angeniita kwa sauti ya kiume ningekimbia kumkumbatia.

Mama alikuwa amefunga geti la miti na kumwaga majivu kizingitini. Alimfungulia ng'ombe kinywa kila asubuhi akitazama ulimi, akainua kwato moja moja. Majuma matatu. Kila alipomaliza alimpiga ng'ombe kofi dogo mgongoni na kumfanya azunguke ua, azunguke tena, na yeye akimtazama miguu. Hakuna kilichotokea. Ng'ombe akazaa ndama jike, mwenye paji jeupe, ambaye alisimama kwa miguu yake kabla ya jua kuwa kali.

Baadaye damu za mwisho zilichukuliwa, nikapanda gari na sanduku la barafu miguuni hadi maabara ya Mbarara. Kazi za kule si zangu, lakini daktari aliniruhusu nikae kwenye benchi la koridoni. Siku orodha ilipofunguliwa aliniita. Alikuwa na furaha ya mtu asiyezoea kuionyesha. Wale waliopata mafuta, alisema, damu yao bado inakumbuka vizuri. Wale wa mchanganyiko wa zamani wameanza kusahau. Bado kuna kazi nyingi, bado itajaribiwa kwingine, lakini njia inaonekana.

Nikamtajia namba ya hereni ya njano. Nilijua kabla hajashusha kidole kwenye karatasi.

"Wa zamani," alisema.

Nadhani uso wangu ulimshangaza, maana aliweka karatasi chini. Nikamwambia nilichofanya. Aliniambia kwa upole kwamba nimefanya vibaya sana, na kwamba atakuja mwenyewe kumwomba mama msamaha, lakini anayepaswa kumwambia kwanza ni mimi. Nilisema naelewa. Halafu nikauliza, kwa maana ndilo lililokuwa likinichoma, "Kwa hiyo wetu hakuwa na msindikizaji?"

"Alikuwa naye," daktari alisema. "Hata ya zamani inaye. Ila wake anarudi mapema." Akafikiri kidogo. "Safari hii ilitosha. Ugonjwa ulikuja mwili ukiwa bado unakumbuka. Ungechelewa, labda isingetosha. Ndiyo maana tunamtafuta anayebaki."

Dereva alinipeleka Juru. Nilimweleza yote njiani, kwa sababu alikuwa na haki, neno lile lilianzia kwake. Aliendesha mpaka lami ikaisha.

"Wewe sema tu," alisema mwishowe. "Mama atakasirika. Kisha atapika chai."

Dereva aliponishusha na kwenda zake, mama alikuwa anakama. Ndama alikuwa amefungwa kando akivuta kamba. Nilikaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia: sentensi ile aliyoisema daktari, niliyoimeza, orodha, mchanganyiko wa zamani, uvimbe. Maziwa yaliendelea kulia kwenye chombo mpaka nilipomaliza. Kisha yakanyamaza.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Alimwachilia ndama anyonye, akaosha mikono, akaifuta kwenye kitenge, polepole mno. Nilikuwa tayari kwa lolote. Angenifukuza ningekwenda.

"Kwa hiyo wetu," alisema, "njo ule anarudiaka."

"Anarudi mapema. Daktari anasema hivyo."

"Na ngombe?"

Nilishindwa kuelewa swali. Ng'ombe alikuwa mbele yetu. Alikuwa amegeuka anamlamba ndama, kisha akaondoka kwenda kwenye majani upande wa pili wa ua, kwato zake zikigusa udongo moja baada ya nyingine bila kusita.

"Anatembea, mama."

"Anatembea," mama alisema.

Alipika chai. Tulikunywa, na hasira yake niliisikia kwenye sukari, maana hakuniwekea. Jioni ilipokaribia nilisimama nikaaga. Nilikuwa nimeshavuka ua niliposikia hatua nyuma yangu. Alikuwa amejifunga kitenge cha pili mabegani. Hakusema anakwenda wapi. Tulipita shamba la maharage, tukapita kanisa la mabati, tukapita nyumba ya jirani ambaye ng'ombe wake walikuwa wameanza kukanyaga tena. Watu walituamkia kwa mshangao. Tulisimama, tukaongea mambo ya mvua, tukaendelea. Sikumbuki kama niliwahi kutembea naye hivyo tangu ile safari.

Pale kwenye kituo cha pikipiki nilijua zamu ni yangu, kwamba ni lazima niseme mimi, la sivyo atabaki amesimama. "Basi, mama," nilisema. "Rudi sasa. Nimefika."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama upande wa kusini, kule vilima vinakoshuka kuelekea Kikagate na Tanzania, ng'ambo ambako mtu mmoja alisema baba yuko. Alikuwa amekunja mikono chini ya kitenge. Nilifungua kinywa nirudie, lakini nilimsikia akisema, na hakuwa akisema nami.

"Rudi sasa," mama alisema. "Tulifika."